Gari Lililofundishwa Upole

Siku Nabintu alipokutana na Hamdani, alikuwa amebeba robota la vitenge kichwani na hasira kifuani, na vyote viwili vilikuwa karibu kumwangusha. Kaka yake aliyeahidi kumsindikiza na mzigo hadi mpakani alikuwa amezima simu, na wateja wake wa Bukavu walikuwa wanamngoja ng'ambo ya mto.

Ilikuwa mbele ya kituo cha mabasi cha Kamembe, saa ambazo makondakta wanaita Kigali, Kigali mpaka sauti zinakauka, na pikipiki zinapenya katikati ya watu kama sindano kwenye nguo. Nabintu alikuwa anavuka barabara. Nyuma ya lori la ndizi kulikuwa na gari jekundu la milango miwili, limeinama karibu kugusa lami, linanguruma. Likanyamaza. Likanguruma tena. Kisha, bila kumwonya mtu, likaruka mbele na kusimama kwa kishindo, pua yake kwenye magoti ya Nabintu. Robota likaenda matopeni.

"Weye! Unataka kuniua?"

Mlango ukafunguka, akatoka kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya kufumwa na ovaroli la buluu lililofungwa mikono kiunoni. Shavuni alikuwa na mstari wa grisi.

"Pardon, maman. Si mimi, ni gari."

"Maman ya nani? Niko na mutoto ya miaka yako?"

Kijana akamtazama vizuri. Akaona kitenge cha manjano kilichoshonwa mabega ya kuvimba, nywele zilizosukwa na kufungwa juu kwa leso, na macho mawili yasiyo na mchezo.

"Pardon, madmazeli."

"Gari gani hii inaruka kama mbuzi? Haiwezi kutembea kama muntu?"

"Haikutengenezwa kutembea. Ilitengenezwa kukimbia."

"Basi ukakimbie huko Bugarama. Hapa ni soko."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akainama matopeni akaliokota robota, akalifuta kwa ovaroli lake. Alipojua kwamba mama huyu asiye mama anaelekea mpakani, akamwambia atampeleka mwenyewe. Nabintu alifikiri kidogo, akautazama mteremko mrefu wa kwenda mtoni, akapanda.

Ndani hakukuwa na viti vya nyuma, palikuwa na vyuma vya kujikinga na gari likipinduka, na kiti chake kilimbana mbavu kama mtu asiyetaka aondoke. Gari lilinuka petroli. Kila waliposimama kupisha watu, injini ilitetemeka mpaka meno yakagongana, ikazima. Kila walipoondoka, shingo yake ilirudi nyuma. Na chini ya boneti kulikuwa na mluzi mwembamba, unapanda na kushuka.

"Hii kilio ni ya nini?"

"Ni kompresa." Uso wa kijana ulibadilika, kana kwamba ameulizwa habari za mwanawe. "Nilitoa ku Benz iliyoanguka, nikafunga hapa. Inapulizia moteri hewa kwa nguvu. Ni sawa na vile unapulizia mukaa."

"Na ukitaka chai tu, unapulizia mukaa hivi? Nyumba yote itaungua, sha. Ya chai unapuliza kidogo."

Kijana akautegea mluzi sikio. Walipofika mpakani alimshushia mzigo, akasimama ameshika mlango.

"Naitwa Hamdani. Karakana yangu iko nyuma ya musikiti. Nikiifundisha gari hii adabu, utapanda tena?"

"Ukifaulu, unipigie."

Hivyo ndivyo Nabintu alivyotoa namba yake.

Hamdani alikuwa mtoto wa Waswahili wa Kamembe, baba yake alikuwa fundi wa kulehemu mpaka alipofariki. Gari lile alilijenga kwa mashindano ya kupanda milima, na lilikuwa halijawahi kuombwa kitu kingine chochote ila kwenda mbio. Klachi yake ilikuwa nzito kama kukanyaga mfuko wa saruji. Ukiligusa kidogo lilikupa nguvu zote au halikukupa kitu. Kwenye mlima lilikuwa simba. Kwenye foleni ya Kamembe lilikuwa aibu.

Simu ilikuja siku chache baadaye.

"Halo, nani?"

"Muntu ya mbuzi."

Nabintu akauma mdomo asicheke mbele ya wateja. "Mbuzi inaendelea namna gani?"

"Nimebadilisha puli. Ile ndogo ilizungusha kompresa mbio sana. Nimeweka kubwa, inazunguka polepole. Kiisha nikaweka vali ya kurudisha hewa: ukikanyaga kidogo, hewa inazunguka inarudi ilikotoka, moteri haishtuki."

"Sisikii hata neno moya kwa hiyo yote."

"Inataka kusema nimepunguza moto. Ya chai."

Safari hii Nabintu alicheka, na Christelle, jirani yake wa kibandani, akainua nyusi.

Alipanda tena. Gari lilikuwa bado kali, lakini lilipita sokoni bila kuzima hata mara moja, na Hamdani aliliendesha kwa kujivuna kama mtu anayepita na farasi wa kifalme. Wakashuka hadi Cyangugu, wakala samaki wadogo wa ziwani kwa vidole, upepo ukicheza na leso yake.

"Umeifanya hii yote juu yangu?" Nabintu akauliza.

"Juu ya nani mwingine?"

"Waongo banajuaga kusema hivyo."

"Basi mi ni muongo mwenye fundi mzuri ndani."

Wakapendana. Hakukuwa na siku maalumu ya kusema ndiyo. Palikuwa na simu za asubuhi kabla hajavuka mto, na za jioni akirudi. "Sheri, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Mawazo yako." "Hayo hayashibishi, kula ugali." Mama yake Nabintu, aliyekuwa Bukavu, alinung'unika kwamba kijana ni Mwislamu. Mama yake Hamdani alinung'unika kwamba msichana ni Mkatoliki. Manung'uniko yote mawili yalikuwa ya upole, ya watu wanaojua kwamba mwishowe watakubali.

Na gari liliendelea kufundishwa. Hamdani aliondoa springi za mashindano akaweka laini. Akafunga feni ya pili ili injini isichemke kwenye foleni. Akaunganisha kompyuta yake ndogo, akakaa nayo mapajani mchana kutwa akipanga mafuta na moto wa plagi, mpaka injini ikasimama kimya mahali pamoja bila kutetemeka. Nabintu aliweka chupa ya soda juu ya boneti, soda haikumwagika. Akapiga makofi.

"Sasa iko nzuri, mupenzi. Iache."

"Bado kidogo."

"Bado nini?"

"Ambrayaje. Bado ngumu."

Akatoa klachi ya mashindano akaweka ya kawaida. Baada ya majuma kadhaa akaibadili tena akaweka nyepesi zaidi. Kisha akarefusha mkono wa pedali, kisha akafunga kifaa cha kuisukuma kwa mafuta. Nabintu aliona jambo hilo kuwa la ajabu, akafanya mzaha: "Unataka iwe gari ama kitanda?"

Zamani Hamdani angejibu mzaha kwa mzaha. Siku hiyo alitupa spana chini. "Kama huipendi, usipande."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Hamdani alianza kuchechemea. Akasema jeki iliteleza. Simu za asubuhi zikapungua, za jioni zikawa fupi. Nabintu akienda karakana anakuta mlango umefungwa, na ndani redio inaimba. Walipokutana alikuwa ameketi daima, hainuki kumsalimia, na Nabintu, aliyelelewa na baba aliyesimama kila mwanamke alipoingia, aliona ni dharau.

"Kuna kitu," alimwambia Christelle.

Christelle alikuwa anakunja kitambaa. Hakuinua macho. "Sikutaka kukuambia. Ile gari yenu nyekundu naionaga, inaenda polepole sana kando ya ziwa. Na mwanamke ndani."

Nabintu hakuamini mpaka alipoona. Alikuwa kwenye pikipiki akitoka Gihundwe, mvua imekatika muda si mrefu, barabara inang'aa. Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa kando, kioo kimeshushwa. Hamdani alikuwa nyuma ya usukani, kichwa amekilaza nyuma, amefumba macho. Kando yake mwanamke mweupe kidogo, mzuri, nywele fupi, shati safi la rangi ya maziwa, ameinama juu yake, mkono wake kwenye goti la Hamdani, la upande wa mlango. Hakuwa ameuweka tu. Alikuwa analibonyeza.

"Endesha," Nabintu akamwambia dereva wa pikipiki, ingawa alikuwa hajasimama.

Akapiga simu alipofika nyumbani.

"Nimekuona."

"Umeniona wapi?"

"Barabara ya Gihundwe. Na ule mwanamke. Mukono yake ku goti yako."

Nabintu alikuwa ametayarisha la kufanya Hamdani akikana. Kwanza angekataa kumwamini, halafu angelia, halafu polepole angemwamini. Alikuwa tayari kabisa kumwamini.

"Basi umeona," Hamdani akasema.

"Ni nani?"

"Ni muntu wangu."

"Na mimi?"

Alisikia pumzi yake, ndefu. "Weye uende, Nabintu. Usinipigie tena."

Majuma yalipita, yakawa miezi. Nabintu alivuka mto na kurudi, akauza, akakonda. Usingizi ulikuwa unamwacha mapema. Barabarani aliposikia gari lenye kelele aligeuka, akajilaani kwa kugeuka. Jekundu halikuonekana tena.

Mwisho wa masika Christelle alianguka kwenye pikipiki akavunjika kifundo cha mkono, na plasta ilipotolewa akaambiwa aende hospitali kufanya mazoezi ya viungo. Nabintu akamsindikiza. Walikaa kwenye benchi la mbao kwenye korido iliyonuka dawa ya sakafu. Mlango wa chumba cha mazoezi ulikuwa nusu wazi, na Nabintu, kwa kukosa la kufanya, akatazama ndani.

Kulikuwa na vyuma viwili virefu vya kushikilia, vya usawa wa kiuno. Katikati yake mwanaume alikuwa anatembea. Alishika huku na huku, akauinua mguu wa kulia akauweka, akauburuta wa kushoto kama gunia, akapumzika. Jasho lilikuwa linatona kwenye kidevu chake. Mbele yake, akirudi kinyumenyume, alikuwepo mwanamke mwenye nywele fupi na koti jeupe la kazi.

"Moja tena," mwanamke akasema. "Moja tu, Hamdani."

Christelle akamshika Nabintu mkono kwa ule mkono wake mzima.

Hamdani alipoinua kichwa akamwona mlangoni. Mikono yake ikaachia vyuma, na yule mwanamke, aliyeitwa Gasaro na aliyekuwa muuguzi wa viungo, akamdaka kifuani kama mtu aliyezoea kumdaka.

Walizungumza nje, kwenye ukuta mfupi unaotazama maegesho. Hamdani alikuwa na magongo mawili. Alikuwa amepungua, na kofia yake ilionekana kubwa.

"Ule muntu yako njo yule?" Nabintu akauliza.

"Njo yule, ndiye yeye. Ananifinya goti, mi nalia. Siku ile uliyotuona alikuwa anapima kama bado naweza kuendesha. Alisema hapana."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Sababu gani?"

"Ulikuwa umejiletea mwenyewe sababu, umenishikisha mukononi. Nikaona ni rahisi kuliko ile ya kweli."

Kule chini watu walikuwa wanapakia mgonjwa kwenye gari. Hamdani aliwatazama mpaka wakamaliza.

"Nilienda Kigali. Wakanichoma masindano, wakanipitisha umeme kwa muguu. Wakasema ni mishipa ya fahamu, inakufa moya moya. Imeanza kwa muguu, itapanda. Nikauliza dawa. Dokta akavua miwani, akaniuliza kama nimeoa, kama niko na bibi nyumbani. Njo nikajua."

Nabintu alitaka kumpiga. Mkono wake ulikuwa umekwisha inuka. Ukaishia begani kwake, ukakuta mfupa.

"Na gari?" akauliza, kwa sababu hakuwa na swali jingine alilolimudu.

"Ile puli ya kwanza ilikuwa juu yako. Na vali. Na springi. Nilitaka upande na uwe unacheka." Hamdani akameza mate. "Ambrayaje zote zilikuwa juu ya muguu. Nilidhani ni gari iko nzito. Nalainisha, juma moya naona afadhali, kiisha inakuwa nzito tena. Nalainisha tena. Siku moya nikaisukuma kwa mukono, ikaingia kama siagi. Njo nikaelewa gari haina kosa."

Nabintu akaketi kwenye ukuta karibu naye, karibu kabisa, mpaka Christelle alipotoka.

Kesho yake Nabintu alikwenda karakana, na mlango ulikuwa wazi.

"Unifundishe," akasema.

"Nikufundishe nini?"

"Kuendesha. Weye huwezi, na gari iko. Nani atakupeleka kwa Gasaro? Pikipiki?"

Walifundishana kwenye uwanja wa mpira, asubuhi ambazo hakuna anayecheza. Ilikuwa furaha, ya ajabu lakini furaha. Nabintu alizima gari mara nyingi kuliko linavyoweza kuzimwa. "Achia kidogo kidogo," Hamdani alisema kutoka kiti cha abiria, "kama unaamsha mutoto na hutaki alie." "Mi huwa naamsha batoto kwa kelele." "Njo maana gari inalia." Akamrekebishia kiti, akaisogeza pedali kwa kipimo cha mguu wake mfupi. Kompyuta ilikuwa tena mapajani mwake. "Kanyaga. Kidogo. Shika hapo. Umesikia imekohoa?" Nabintu hakusikia kitu. Hamdani alibofya herufi mbili tatu, na mara ya pili Nabintu akasikia, si kikohozi bali kutokuwepo kwake.

Asubuhi moja Hamdani alimwambia ashike hapo, Nabintu akashika, akangoja. Hamdani hakubofya. Nabintu alidhani anawaza. Alipogeuka aliona kidole chake kinaitafuta herufi, kinatua pembeni, kinajaribu tena. Hamdani alikuwa anakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Nabintu akazima injini. Akaichukua kompyuta akaiweka mapajani mwake.

"Niambie nibonyeze wapi."

Akamwambia. Tangu siku hiyo ni Nabintu aliyebonyeza.

Mama yake alimpigia simu kutoka Bukavu. "Christelle kaniambia. Nabintu, unaolewa na nani, na kaburi?"

"Maman, hajaniambia atanioa."

"Basi Mungu amusaidie aendelee kunyamaza."

Mama yake Hamdani hakuwa mkali hivyo, na Nabintu aliumia zaidi. Alimkuta anafua mashuka nyuma ya nyumba, mtandio wake mweupe umelowa maji. Akamkalisha kwenye kigoda. "Mwanangu, mi nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Nilishajizoeza hata hilo jina lako. Lakini hapa hakuna harusi. Hapa ni kuuguza, na kuuguza kunakula muntu. Uko bado musichana. Nenda, sitakusema vibaya kwa yeyote."

Nabintu akashika ncha nyingine ya shuka, wakalikamua pamoja.

Jumamosi moja Nabintu alimpeleka Hamdani Bugarama. Ni kule ambako milima inaisha ghafla, joto linakupokea usoni kama pumzi, na barabara inanyooka katikati ya mashamba ya mpunga. Hamdani alifungwa mkanda na shali la ziada kifuani ili asiinamie mbele. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nabintu alikuwa na kile kitenge cha manjano.

Barabara ilikuwa tupu.

"Kanyaga," Hamdani akasema.

"Yote?"

"Yote."

Akakanyaga. Gari likaenda. Lilikwenda vizuri, kwa haraka, bila kushtuka, na mpunga ukawa mstari mmoja wa kijani. Hamdani alikuwa ameinamisha sikio kuelekea kwenye boneti, anatafuta. Nabintu alimwona anatafuta, akapunguza mwendo.

"Haipigi tena mluzi," Hamdani akasema.

"Si weye uliitoa?"

"Njo mimi. Ilikuwa inasikika kutoka mulima mpaka mulima. Nimeitoa kipande kipande, kwanza ili ucheke, kiisha ili muguu wangu uiweze. Muguu umeenda, na mluzi umeenda. Sasa ni gari ya kupeleka nyanya sokoni."

"Ni gari ninayoweza kuendesha."

Hamdani akamgeuzia uso polepole, kwa kuwa hata shingo ilikuwa imeanza kuishiwa nguvu. "Ndiyo. Hiyo tu."

Nabintu akaegesha kando ya mfereji. Vyura walikuwa wanapiga kelele majini. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Kamembe, mazuri, yenye sheri na roho yangu, na yote yalimpotea.

"Nioe," akasema.

"Uniulize nikiwa natembea."

"Hutatembea."

Neno hilo lilikuwa halijatamkwa bado na yeyote kati yao. Likakaa ndani ya gari pamoja nao.

"Basi umejibu weye mwenyewe," Hamdani akasema, na sauti yake haikuwa na uchungu, ilikuwa imechoka tu. "Sitaki uitwe mujane na bado una miaka hii. Njoo ukitaka. Uache siku ukichoka. Lakini jina usichukue."

Nabintu akalia juu ya usukani. Hamdani hakuweza kuinua mkono kumfikia. Akaanza kumwita, sheri, sheri, mpaka Nabintu akaacha kulia na kuwasha gari.

Kabla ya mvua za vuli mama yake Hamdani alimhamishia Gitambi, kwa mjomba, kwa kuwa peke yake hakuweza tena kumgeuza kitandani. Nyumba ilikuwa mlimani, katikati ya migomba, na njia yake ilikuwa ya udongo wenye mawe. Gari lile la tumbo chini halikuweza kuipanda hata kwa dua. Nabintu alikuwa analiacha mbele ya duka la chini na kupanda kwa miguu, kila Jumapili baada ya misa, viatu mkononi.

Mwanzoni walizungumza. Baadaye ulimi wa Hamdani ukawa mzito, na ni Nabintu aliyezungumza. Hakuwa na habari nyingi zisizomhuzunisha, kwa hiyo akawa anamsimulia njia. Nimetoka Kamembe kwa gia ya pili kwa sababu ya foleni. Kwenye mteremko nikaweka ya nne. Hamdani alisikiliza amefumba macho, na Nabintu akikosea alimkatiza, kwa maneno yaliyokuwa yanapotea herufi: "Ya tatu. Utaunguza freni." Maneno yalipokwisha alikuwa anainua kidole kimoja juu ya blanketi, mara moja kwa kila gia, na Nabintu alikuwa anasema, "Haya, haya, ya tatu, mwalimu," na kona ya mdomo wa Hamdani ilikuwa inasogea.

Jumapili ya mwisho ya Novemba mvua ilimnyeshea njia nzima. Alikuta chumba kina harufu ya moshi na mafuta ya kuchulia. Nje, chini ya ukingo wa paa, mama yake Hamdani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nabintu alijifuta uso kwa kitenge, akaketi pembeni ya kitanda, akauchukua ule mkono wa Hamdani uliokuwa mwepesi kama kitambaa kisicho na mtu ndani.

"Leo kumeteleza," akaanza. "Nimetoka Kamembe kwa ya pili. Ku Gashonga nikakuta lori la mihogo, nikalipita."

Hamdani alikuwa anamtazama. Hakuwa amefumba macho kama siku zote.

"Halafu ile kona mbaya ya juu, ile yenye maji." Nabintu akasita. Akasema uongo kwa makusudi. "Nikaingia kwa ya nne."

Akangoja.

Mchi ulipanda na kushuka nje. Kidole kilikuwa pale juu ya blanketi, kimetulia. Macho ya Hamdani yalikuwa usoni kwake tu, yamejaa maji, hayana barabara ndani.

Nabintu alingoja mpaka mchi ukanyamaza.

"Hapana," akasema mwenyewe. "Ya pili. Nilishusha mpaka ya pili, sikuunguza freni. Nilikumbuka."

Akausogeza mkono ule shavuni mwake, akaendelea kumsimulia njia iliyobaki, polepole, kona kwa kona, mpaka mlangoni.